Mbuzi wako usimnywe kwa vikombe vya chai

WAHENGA walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Walikuwa wakimsema yule mtu anayetia kidole, akalamba, akasema "kidogo tu, haidhuru", kisha akarudi tena na tena mpaka siku moja kidole kikagota chini ya buyu. Wahenga hao hawakupata kutuona sisi wa siku hizi katika miji yetu midogo, tukiingia hotelini saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi na tena baada ya magharibi. Lau wangalituona, nadhani wangalitaja chai badala ya asali.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipopanga chumba kwa muda huko Garbatulla, katika Kaunti ya Isiolo. Ndugu msomaji, ikiwa hujafika huko, Garbatulla ni mji wa Waborana wa Waso, yaani Waborana wakaao katika nyika za mto Ewaso Nyiro. Ukitoka Isiolo unaelekea mashariki kwa njia ya Modogashe, unapita Kulamawe, na kabla hujafika umekwisha kuona mbuzi, ng'ombe na ngamia wengi kuliko watu. Mji wenyewe una misikiti, shule, maduka, ofisi za serikali na hoteli. Hoteli ya huku si jumba la ghorofa lenye vitanda. Ni chumba chenye meza na mabenchi, jiko liko nyuma, na juu ya jiko kuna birika kubwa ambalo halipoi.

Kwa mambo ya chakula mji huu una ajabu yake. Nyama na maziwa ni mali ya pale pale. Lakini unga, sukari, mchele, majani ya chai na mafuta ya kupikia huja kwa lori kutoka mbali, na kabeji na nyanya hushuka kutoka upande wa Meru. Kila mkono unaoligusa gunia njiani hutaka haki yake, na mvua ikiharibu barabara bei hupanda. Mtu wa Nairobi akiona duka hili ni ghali huvuka barabara akaingia lile. Mtu wa Garbatulla akivuka barabara hukuta bei ile ile, maana lori lilikuwa moja. Basi akiba yake ya chakula ataitafuta wapi? Hilo ndilo swali nililozunguka nalo, na majibu niliyopewa yanaweza kumfaa hata msomaji wa Mombasa, Dodoma au Kampala.

HESABU YA BAROBARO

Jirani yangu alikuwa mwalimu kijana, mseja, aliyepangiwa kazi huko kutoka nje ya kaunti. Kila mwezi mshahara wake ulikuwa unakata pumzi kabla ya tarehe 20, naye hakuwa mlevi wala mtu wa anasa. "Kaka," aliniambia, "mimi sinunui kitu. Ninakula tu."

Jioni moja tulichukua daftari tukaandika alichokula siku ile. Bei hubadilika, kwa hiyo msomaji azichukue hizi kama mfano tu, kisha atie za kwake. Asubuhi, chai shilingi 30 na chapati mbili shilingi 40. Saa nne, chai na mandazi, shilingi 40. Saa saba, wali na nyama, shilingi 250. Saa kumi, chai tena, 30. Usiku, ugali, mboga na kipande cha nyama, 200. Jumla ni shilingi 590. Ukizidisha kwa siku 30 unapata 17,700.

Kisha tukafungua ukurasa wa pili, tukaandika chakula kama angalikipika mwenyewe. Unga wa kilo mbili kwa shilingi 180 humlisha mtu mmoja siku nne, yaani 45 kwa siku. Maharagwe gorogoro moja kwa 300 humtosha kama siku nane, tuseme 40 kwa siku. Mboga na nyanya 40. Maziwa nusu lita 50. Sukari na majani ya chai 20. Mafuta 20. Makaa 50. Nyama nusu kilo mara mbili kwa wiki, kwa shilingi 300 kila mara, ni kama 85 kwa siku. Jumla yake ni shilingi 350. Tofauti ya kurasa mbili ni shilingi 240 kwa siku, na kwa mwezi ni 7,200.

Mwalimu aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Katika Garbatulla watu hawahesabu mali kwa makaratasi. Huhesabu kwa mifugo. Shilingi 7,200 kwa bei tulizozikuta sokoni wakati ule zilitosha kumnunua mbuzi mzuri. "Kumbe," alisema, "kila mwezi nachinja mbuzi nisiyemwona." Mimi nikaongeza kwamba anamnywa, kwani vikombe vya chai na vitafunio vyake peke yake vilikuwa shilingi 140 kwa siku.

Hata hivyo, nisimwonee kijana huyu. Nilipomwuliza kwa nini asipike, hakunijibu kwamba ni mvivu. Alisema: "Hotelini kuna watu, Kaka. Nyumbani kuna ukuta." Maneno hayo nimeyaweka. Wengi wanaohubiri juu ya akiba husahau kwamba mtu haendi hotelini kwa njaa peke yake. Huenda kusikia habari, kucheka, kuonana na mwenye lori, kujua kama mvua imenyesha Sericho. Ukimwambia mseja ajifungie na sufuria yake, atakutii siku tatu, na siku ya nne utamkuta kwenye benchi.

Dawa aliyoipata ilitoka katika desturi ya pale pale. Waislamu wa pwani na wa kaskazini wanaijua sana: kula sinia moja. Walimu wanne walikubaliana kuchanga mwanzo wa mwezi, wakanunua gunia la unga na maharagwe, wakapika kwa zamu, nao wakala pamoja. Jiko moja la makaa likafanya kazi ya majiko manne. Maharagwe yanalowekwa tangu usiku ili yaive upesi, na yanayopikwa Jumapili huliwa mpaka Jumanne. Siku wanapokwenda hotelini huagiza sinia moja la wali na nyama kwa watu wanne badala ya sahani nne, na chai wanaibeba katika chupa ya chai. Maongezi hayakupotea, yaliongezeka.

Kuna tundu jingine ambalo sitalipita kimya, ingawa najua watanikasirikia wengi. Ni miraa. Vitita hufika kutoka milima ya Nyambene, navyo havikopeshwi kwa wepesi kama unga. Nimeona mwanamume akilipa miraa taslimu, kisha akamtuma mtoto dukani kwa unga wa deni. Na miraa haiendi peke yake: inataka chai yenye sukari nyingi, inataka soda, na ikiisha inataka kulala bila kula huku watoto wanatazama. Ukitaka kuipunguza gharama ya chakula nyumbani, tazama kwanza kile kinachonunuliwa kabla ya chakula.

NENO LA MAMA WA HOTELI

Nilijua kwamba hesabu zetu zina upande wa pili, nikaenda kwa mama mmoja mwenye hoteli ndogo karibu na soko. Ni mjane, anasomesha watoto kwa birika lile. Nilimweleza habari ya kurasa mbili za daftari. Alinisikiliza huku akikanda unga, kisha akasema: "Ndugu yangu mwandishi, ukiwaambia watu wote wasile hotelini, watoto wangu watakula gazeti lako?"

Swali lile lilikuwa na haki yake. Katika mji kama huu shilingi ya chai haipotei hewani. Inamlipa anayeuza maziwa, anayechota maji, anayeleta kuni, na yule msichana anayeosha vikombe. Dar es Salaam wana mama ntilie, Nairobi wana vibanda vya karibu na mijengo, na kote huko wanawake wameinua jamaa zao kwa sufuria. Kuwafungia mlango kwa jina la akiba ni kujikuna mgongo kwa kisu.

Lakini mama huyo alinionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Alileta daftari lake, kubwa kuliko letu, limejaa majina na namba. Ni la wadeni. "Mteja wangu mbaya," alisema, "si yule anayekuja mara moja kwa siku akalipa. Mbaya ni huyu anayekuja mara tano akisema andika. Mwisho wa mwezi ananiona akapita njia ya nyuma. Nimempoteza mteja, nimepoteza fedha, na unga ulikuwa wangu." Alisema afadhali watu 20 wanaokula chakula cha mchana kwa taslimu kuliko 40 wa kuandikwa.

Kwa hiyo nilipata kutoka kwake kanuni ambayo sikuipata kwa hesabu: kula hotelini kile ambacho hoteli inakijua zaidi, wakati unapokihitaji kweli, na ulipe papo hapo. Kulipa papo hapo kunauma, na maumivu hayo ndiyo mlinzi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi kuna na deni la simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, fedha zimekuwa nyepesi mkononi, na baadaye mikopo ikaingia humo humo. Sioni ubaya wa kukopa kwa ajili ya karo au dawa. Lakini mtu anayekopa kwa simu ili alipe chapati anailipa chapati ile mara mbili, na tayari imekwisha kuliwa.

ROBO YA SUKARI

Turudi nyumbani. Huko pia kuna kuchovya. Desturi ya kununua kwa kupima imeenea: mafuta ya kijiko, majani ya chai ya kifuko, sukari ya robo. Chukua mfano. Kilo ya sukari ikiwa shilingi 160 na robo ikiwa 45, basi robo nne ni 180. Nyumba yenye watoto na wageni hutumia kilo mbili kwa wiki bila kujua. Hapo inapoteza shilingi 40 kila wiki, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya 2,000. Na hiyo ni sukari peke yake.

Ati mbona wasinunue kilo? Asemaye hivyo hajapata kuishi kwa kibarua cha siku. Mwenye shilingi 100 mkononi hana njia ya kununua kitu cha 160. Umaskini hununua kwa bei ya juu kuliko utajiri. Hilo ni jambo la uchungu ambalo halirekebishwi kwa kumkemea mama wa watu.

Lakini lina njia ya kulizunguka. Nilikuta kikundi cha wanawake watano ambao kila mmoja huweka kidogo kidogo kila siku kwa mweka hazina wao. Fedha zikitimia hununua gunia la sukari la kilo 50, wakagawana kilo kumi kumi. Mara nyingine unga, mara nyingine mchele kabla ya Ramadhani bei hazijapanda. Ni mchezo ule ule wa kupokezana ambao Wasomali huuita ayuto, ila hapa anayepokea hupokea kibaba mahali pa noti. Waliniambia faida yake kubwa: noti ikifika nyumbani hupata wajomba wengi, lakini sukari iliyo ndani ya debe lenye kifuniko haina wajomba isipokuwa wakati wa chai.

KOCHE NA ITITU

Yote niliyoyasema mpaka hapa ni akiba ya shilingi. Akiba ya Waborana yenyewe ni nyingine, nayo ilinifumbua macho. Nilielezwa na bibi mmoja mzee, ambaye jirani zake wote humwita Akko, yaani nyanya. Nilimwuliza: "Akko, zamani mliwekaje akiba ya chakula?" Alicheka. "Mwanangu, chakula hakiwekwi siku ya njaa. Siku ya njaa hakuna cha kuweka. Chakula huwekwa siku ambayo watu wameshiba wakalala."

Kisha akanieleza koche, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la nyirinyiri. Nyama isiyo na mafuta, ya ngamia au ng'ombe, hukatwa mikanda myembamba mirefu, ikatundikwa kwenye kamba mpaka ikauke. Halafu hukatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa ndani ya mafuta mpaka maji yote yaishe. Huwekwa katika chombo safi kikavu, na mafuta yenyewe huachwa yaifunike juu. Mafuta hayo ndiyo mlango: hewa haiingii, uvundo hauingii. Ikitunzwa vizuri hukaa miezi. Sharti ni kwamba kijiko kinachoingia kiwe kikavu, maana tone moja la maji huharibu kazi yote. Kijiko kimoja au viwili juu ya anjera au ugali humshibisha mtu, na mgeni akitokea usiku hakuna haja ya kukimbilia hotelini.

Maziwa nayo yana njia yake. Huwekwa ndani ya gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea kwa ustadi hata maziwa hayavuji, na ambacho kwanza hufukizwa kwa moshi wa kuni zilizochaguliwa. Maziwa yakiganda, maji yake hutolewa, yakaongezwa maziwa mengine, na hivyo hivyo siku baada ya siku, mpaka yanakuwa mazito. Hayo ndiyo ititu. Hukaa majuma mengi pasipo friji, na ladha yake mtu akiizoea haachi.

Tazama hekima iliyomo. Wakati wa mvua kuna maziwa kuliko vinywa; asiye na gorfa huyamwaga au huyatoa bure. Mnyama akianza kukonda kiangazini, bei yake sokoni huanguka. Mwenye kujua koche anaweza kumchinja angali na nyama, akaihifadhi, badala ya kumwuza kwa bei ya ngozi au kumngojea afe. Ni kama benki, isipokuwa benki hii hutunza thamani ya kitu siku kilipokuwa nacho. Na ndivyo wazee wa malisho, wale wa dedha, wanavyofanya na majani: hutenga sehemu za nyika zisilishwe wakati wa mvua ili zibaki kwa ajili ya ukame. Tumbo la ng'ombe na tumbo la mtu walivitungia sheria moja.

Siku hizi kazi hiyo imeingia sokoni. Kina mama hutengeneza nyirinyiri za kuuza Isiolo na kwingineko. Maziwa ya ngamia kutoka pande za Kulamawe husafirishwa mpaka mjini Isiolo, ambako ushirika wa wanawake wa Anolei umejijengea jina kwa kuyakusanya na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ni biashara njema. Lakini nilimsikia mzee mmoja akitoa onyo: maziwa yakiondoka yote asubuhi, jioni mtoto hunywa chai ya rangi yenye sukari ya robo. Ushauri wake ni huu: kabla hujauza, jaza kwanza chombo cha nyumbani.

MBUZI NA GUNIA

Kuna hesabu moja ambayo kila mfugaji huijua ingawa haiandiki: mbuzi mmoja hununua unga kiasi gani? Mvua ikiwa njema, mbuzi amenona, wanunuzi wanagombea, na mahindi ya mikoa ya kilimo ni tele. Hapo mbuzi hununua unga mwingi. Ukame ukija, kila mtu huleta mnyama wake sokoni siku moja, wote wamekonda, bei inaanguka. Na wakati huo huo mahindi yamepungua na bei yake inapanda. Mfugaji hupigwa kofi shavu la kulia na la kushoto kwa pamoja.

Hilo lilionekana wazi katika ukame wa juzi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo. Serikali ya Kenya iliutangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi Septemba 2021. Mwaka 2022 paketi ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200. Mwezi Julai serikali iliamuru iuzwe kwa 100, lakini nafuu hiyo haikudumu hata miezi mitatu. Aliyeuza mbuzi wawili mapema mwaka 2020, nyama ikiwa juu ya mifupa, akanunua magunia akayaweka juu ya mbao mahali pakavu pasipo kuvu wala dumuzi, alikula kwa bei ya zamani katika siku za bei mpya. Wachache walifanya hivyo. Kuuza mnyama aliyenona ni vigumu kwa mfugaji, nami naelewa: mbuzi aliyenona ni furaha ya macho. Lakini furaha ya macho haichemki sufuriani.

AKIBA ILIYOMO NDANI YA WATU

Hapa natakiwa kusema jambo ambalo makala za kubana matumizi hulikwepa. Akko aliyenifundisha koche na ititu hakuwa na koche wala ititu nyumbani kwake siku za ukame ule. Gorfa yake ilining'inia ukutani tupu, kama kofia ya marehemu. Alijua kila kitu. Hakuwa na ng'ombe. Ujuzi wa kuhifadhi haukamui maziwa.

Na umaskini huo wa mifugo una historia. Katika vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, Waborana wa Waso walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, Garbatulla kikiwa kimojawapo. Mifugo iliyofungiwa karibu na mji bila malisho ilikufa. Mingine iliuawa au kuchukuliwa. Wazee hukiita kipindi hicho Daaba, yaani wakati mambo yote yaliposimama. Jamaa zilizokuwa na ngamia zilitoka mle zikiwa na bakuli la msaada. Hapo ndipo nyumba nyingi zilipoanza kutegemea unga wa dukani na sukari, na miradi ya kumwagilia maji mashamba ya kando ya mto, kama ule wa Malka Daka, ilianzishwa baadaye ili kuwapa wasio na mifugo cha kulima. Mwaka 1984 ukame ukawarudia tena. Kwa hiyo anayemwona mtu wa Garbatulla akinunua robo ya sukari kwa deni, asifikiri ameona uvivu. Ameona miaka sitini.

Kilichomwokoa Akko mwaka 2022 ni akiba ya namna nyingine. Waborana wana desturi ya buusaa gonofaa, ambayo kwayo ukoo humchangia aliyepoteza mifugo yake ili asimame tena. Na wana dabare, yaani kumwazima jirani ng'ombe wa maziwa ili watoto wake wanywe. Mtaalamu wa Kiswidi, Gudrun Dahl, aliyechapisha kitabu juu ya Waborana wa Waso mwaka 1979, alieleza jinsi jamaa hizi zilivyoshikamana kwa kupeana na kuazimana wanyama. Akko alikuwa ametoa enzi zake. Alipokosa, wajukuu wa wale aliowapa walimletea, huyu unga, yule kikombe cha maziwa. "Nilikuwa nimeweka," aliniambia, "ila si katika gorfa."

Basi ninapomhimiza msomaji abane matumizi, simwambii afunge mlango wakati wa chakula. Nimekutana na watu waliookoa shilingi kwa kumnyima jirani, nao hawakuokoa chochote; walitoa tu fedha katika benki isiyofungwa wakazitia katika mfuko uliotoboka. Kata chai ya nne. Kata soda, kata kitita cha miraa, kata deni la daftari. Sahani ya mgeni usiikate, maana siku moja mgeni utakuwa wewe.

LA KUFANYA NI LIPI?

Nikiyakusanya niliyoyaona Garbatulla, mambo ni machache. Andika kwa siku saba kila kinachoingia tumboni na bei yake. Wengi hawajui tundu liko wapi. Hotelini nenda mara moja, kwa chakula kamili, mle sinia moja, ulipe taslimu. Nyumbani nunueni kwa pamoja, mgawane. Lowekeni maharagwe, na mtumie jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu makaa nayo ni chakula kinachoungua. Jifunzeni koche na ititu kwa akina nyanya wangali hai, na mwenye mifugo auze mapema, akanunue nafaka kabla ya umati. Zaidi ya yote, wekeni wakati kuna cha kuweka.

Wenye serikali nao wasikae pembeni wakitikisa vichwa. Barabara njema hupunguza bei ya unga kuliko hotuba kumi, na soko la mifugo linalolipa bei ya haki ni ghala kubwa kuliko bohari ya msaada. Mwananchi anaweza kuokoa mbuzi mmoja kwa mwezi kwa kuacha kuchovya. Kuokoa kundi zima kunataka mikono mingi.

Mwalimu jirani yangu, kwa habari za mwisho nilizopata, amekwisha kununua mbuzi watatu, akawaacha chini ya uangalizi wa mfugaji mmoja wa hapo hapo. Bado huenda hotelini kwa yule mama, mara moja kwa siku, naye jina lake limefutwa katika lile daftari kubwa. Mama anasema hiyo ndiyo biashara. Haba na haba hujaza kibaba, wasomaji wangu, lakini kwanza hakikisheni kibaba chenyewe kina kitako.